Mgeni Aliyesema Alikuwa Kipofu

Baada ya mazishi ya baba, mama aligawa nguo zake kwa siku moja, haraka haraka, kama mtu anayeanua nguo mvua ikikaribia. Kaka yangu alipewa gambuti, wajomba wakapewa mashati, mimi nikapewa koti. Ni koti la sufu, rangi ya kahawia, zito kuliko linavyoonekana. Nilifika nalo kwangu Nakuru nikalitundika nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, na wiki nzima sikuweza kupita hapo bila kusimama. Lilinuka moshi wa kuni, sabuni ya kipande, na majani mabichi ya chai yaliyokaa guniani muda mrefu kidogo, ile harufu tamu inayokaribia kuchacha ambayo mtu wa kwetu haisahau hata akae mjini miaka ishirini. Baba alilivaa koti hilo Jumapili tu. Jumapili ndiyo siku aliyokuwa akitafsiri.

Siku zile nyingine alikuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani, upande wa Kiptere tulikokaa. Majirani walileta magunia yao, yeye akayatundika kwenye mizani na kuandika. Jumapili ikifika, aligeuka kuwa mdomo wa kila mgeni aliyekuja kanisani kwetu akiongea Kiingereza. Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati, na mvua ya mchana ikianza mahubiri yalisimama, maana hakuna mhubiri aliyeweza kushindana na ile kelele. Nusu ya waumini walikuwa watu wa kwetu, wenye vishamba vya chai na ng'ombe wawili watatu. Nusu nyingine walivuka mto kutoka kambi za wafanyakazi wa kampuni, wengi wao watu wa ziwani. Ibada ilikuwa ya Kiswahili kwa sababu Kiswahili hakikuwa cha upande wowote, na sote tulikivunja kwa namna yetu. Baba akifungua kinywa kwa "Pwana asifiwe," watoto wa kambini walificha nyuso zao kwenye mikono ya sweta.

Alikuwa ameishia darasa la saba. Kiingereza chake alikiokota redioni na kwenye magazeti ya zamani, na alikipenda jinsi wanaume wengine wanavyopenda mpira. Alikuwa na daftari la misemo ya Kiingereza, na jioni, akikwangua matope kwenye gambuti nje ya jikoni, alinisimulia aliyoyaandika. Ndipo nilipojua kwamba kwa Waingereza macho ndiyo yanayofanya kazi yote. Aliyeelewa husema "I see," yaani naona. Asiyejua linaloendelea yuko gizani. Aliyeamua kunyamazia kosa amegeuza jicho lake lililo pofu, na hapo baba aliacha kukwangua akaniuliza, jicho pofu linageuzwaje, Cherono, na likishageuzwa linaangalia wapi? Nilicheka mpaka mama akatoka kuona kuna nini. Kwetu sisi, alisema, mtu aliyeelewa amesikia. Alikuwa amewauliza hata Wajaluo wanaopita pale kituoni, wakamwambia kwao pia ni hivyo hivyo, kuelewa ni kusikia. Hilo nalo aliliandika, ukurasa mzima peke yake.

Nikiwa na miaka tisa niliyachukua hayo kama yalivyo. Niliamini kwamba mtu anayejua Kiingereza sawasawa huona kitu ambacho sisi wengine hatukioni, na ndiyo maana hutangaza. Mwalimu wetu wa darasa la tatu aliposema "I see" huku ananitazama, niligeuka kuangalia nyuma yangu. Akaniuliza natafuta nini. Nilisema sitafuti kitu.

Katika kutafsiri baba alikuwa na sheria moja: haongezi, hapunguzi. Kila neno la mgeni alilitafutia neno lake la Kiswahili na kuliweka pale pale, hata kama sentensi ilitoka imepinda. Watu walimvumilia, na yaliyopinda waliyanyoosha wenyewe njiani wakirudi nyumbani. Mimi nilikaa benchi la mbele kabisa. Nilimwona amesimama bega kwa bega na mgeni, amevaa koti lake, kichwa amekiinamisha kidogo ili sikio liwe karibu, na sikudhani kama kuna mtu duniani aliyejua mengi kumzidi.

Benchi la nyuma, karibu na mlango, ndipo alipokaa Mama Atieno na binti yake. Mama Atieno alichuna chai ya kampuni, na mgongo wa kidole chake cha shahada ulikuwa mweusi kwa utomvu usiotoka hata kwa mchanga. Atieno alikuwa wa umri wangu, au amenizidi mwaka mmoja. Surua ilimpata akiwa bado ananyonya, na tangu hapo macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Hakwenda shule. Mama yake akienda kuchuna, yeye alibaki kambini na jirani mzee, akipepeta mahindi na kusikiliza redio.

Urafiki wetu ulianzia kwenye vikao vya wazee baada ya ibada, ambavyo havikuwa na mwisho. Watoto wengine walikimbia chini ya mikaratusi. Mimi nilikatazwa kuchafua nguo ya Jumapili, na yeye hakuweza kukimbia mahali asipopajua, kwa hiyo tuliketi wawili kwenye ngazi. Aliwajua watu wote kwa viatu vyao. Alijua nani amekula vitunguu na nani analia bila sauti. Na aliuliza maswali ambayo sikuyapata kwingine. Siku moja alitaka kujua mbali inakaaje. Nilimwambia kitu kikiwa mbali kinakuwa kidogo, kwamba ng'ombe wa ng'ambo ya mto walikuwa wadogo kama mahindi.

"Nani anawapunguza?" aliuliza.

"Hakuna mtu. Wanakuwa wadogo tu kwa sababu wako mbali."

"Na wakirudi?"

"Wanakuwa wakubwa tena."

Alifikiria kidogo, kisha akasema namdanganya. Mama yake akiita kutoka mbali, sauti inakuwa ndogo, lakini mama mwenyewe hajawahi kurudi nyumbani amepungua. Tulibishania jambo hilo Jumapili nyingi, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Mgeni alikuja msimu wa mvua. Alikuwa mzee kutoka ng'ambo, mwembamba, mwenye sauti ya upole, na hakuhubiri kwa kupiga kelele kama wengine. Alianza kusimulia habari za mke wake aliyekufa. Baba alimfuata neno kwa neno. Mzee akasema hivi, na baba akasema kwa Kiswahili: "Nilikuwa kipofu kwa ugonjwa wa mke wangu." Kanisa lote likashusha pumzi. Mzee akaongeza, na baba naye akaongeza: "Kwa mwaka mzima nilikuwa gizani. Mpaka siku moja daktari alifungua macho yangu." Nyuma yangu mama mmoja alisema "Yesu," polepole. Mimi nilinyoosha shingo nitazame macho ya yule mzee kama yana alama ya kushonwa. Yalikuwa ya buluu, masafi, yana majimaji kidogo. Niliwaza kwamba huyo daktari kweli anajua kazi.

Ibada ilipokwisha watu walipanga mstari kumsalimu mgeni. Mama Atieno hakupanga. Alingoja mstari uishe, kisha akaja mbele amemshika binti yake mkono, akasimama mbele ya baba.

"Baba Cherono, niulizie huyo daktari ni wa wapi."

Baba akamgeukia mgeni na kumuuliza. Mzee akakunja uso, akaomba arudie. Baba alirudia, akimwonyesha Atieno kwa kiganja. Nilikuwa karibu, nimemshika baba upindo wa koti, na nikamwona mzee anatabasamu, halafu tabasamu likamtoka taratibu. "Oh," alisema. "I see. I see." Kisha akamshika baba mkono na kumweleza jambo kirefu, kwa sauti ya chini. Maelezo yale sikuyaelewa, lakini yale maneno mawili nilikuwa nayajua na yalinitosha. Mtu alikuwa kipofu, na sasa anasema mbele yetu sote kwamba anaona.

Kwa kawaida baba hakuhitaji hata kuvuta pumzi kabla ya kutafsiri. Siku hiyo alitazama viatu vyake, akatazama benchi zilizobaki tupu, akakohoa. Mama Atieno alisubiri. Atieno alikuwa amegeuza sikio kuelekea kwa baba.

"Amesema daktari wake yuko mbali sana," baba alisema mwishowe. "Lakini amesema hata hapa kwetu madaktari wa macho wapo. Amesema mtoto apelekwe. Amesema nikupeleke mimi."

Mama Atieno aliinamisha kichwa kumshukuru mgeni, kisha akamshukuru baba. Mgeni naye aliinamisha kichwa, bila kujua ameshukuriwa kwa lipi.

Haikuwezekana kwenda mara moja. Chai ilikuwa imefurika, lori la kiwanda lilichelewa kuja kila siku, na karani hakuweza kuacha mizani. Tulisubiri karibu miezi miwili. Naikumbuka miezi ile kuliko mwaka mwingine wowote wa utoto wangu, kwa sababu nilikuwa na kazi. Nilimtayarisha Atieno kuona. Nilimfundisha rangi kwa vitu alivyovijua: kijani ni baridi ya asubuhi kwenye majani, nyekundu ni pilipili, njano ni ugali wa mahindi ya manjano tuliokula mwaka wa njaa. Nilimpangia atakachoangalia kwanza na kitakachofuata, ili asichanganyikiwe. Alikubali yote kwa sharti moja, kwamba kabla ya kitu kingine chochote atapelekwa kwenye ukingo wa shamba letu awatazame wale ng'ombe wa ng'ambo, ili ubishi wetu uishe. Nilimwambia pia kwamba kuona kuna neno lake la Kiingereza. Daktari akimaliza, aseme "I see," ndipo daktari atajua imeshika. Alilifanyia mazoezi pale kwenye ngazi za kanisa mpaka akaweza kulisema kama mtangazaji wa redio.

Asubuhi ya safari baba alivaa koti lake ingawa haikuwa Jumapili. Mimi nilililia kwenda mpaka mama akachoka, akasema nichukuliwe, na nimshike Atieno mkono barabarani. Hospitali ilikuwa na varanda ndefu yenye foleni. Mama Atieno alijua pa kukaa na pa kuuliza, jambo lililonishangaza kidogo, lakini sikulifikiria zaidi. Aliyemwongelesha nesi alikuwa baba, kwa Kiingereza, na hatukukaa sana kabla ya kuitwa.

Daktari alikuwa kijana mwenye mikono safi sana. Alimketisha Atieno kwenye kiti kirefu, akamfungua jicho moja kwa vidole viwili, akamulika kwa tochi ndogo. Akafanya vivyo hivyo kwa jicho la pili. Alichukua muda. Alihema kupitia puani. Kisha akazima tochi, nayo ikalia tiki, na Atieno, aliyekuwa ametulia kama aliyefundishwa, alipoisikia ile tiki alinyoosha mgongo.

"I see," alisema.

Daktari alimtazama baba. Baba alinitazama mimi. Sijui kama aliona usoni mwangu ni nani aliyemfundisha, lakini najua nilikuwa natabasamu, na kwamba niliendelea kutabasamu kwa muda, kwa sababu uso wangu ulikuwa bado haujapata habari. Daktari alimpungia Atieno mkono mbele ya macho, na Atieno hakugeuza kichwa.

Kisha daktari aliongea na baba. Aliongea vizuri, taratibu, akichora jicho kwenye karatasi, na mwisho akamuuliza baba kama anaona anachomaanisha. Hilo nililielewa. "I see, doctor," baba alisema. Hakuna siku nyingine niliyomsikia akisema maneno hayo kwa sauti ndogo namna ile. Halafu akamgeukia Mama Atieno na kumweleza yote kwa Kiswahili, bila kuongeza na bila kupunguza: kioo cha jicho kimekuwa kovu, surua ilikula mpaka ndani, na ndani hakukubaki kitu cha kufunguliwa, si hapa wala mahali pengine.

"Amesema hakuna?" Mama Atieno aliuliza.

"Amesema hakuna."

Alitikisa kichwa kwamba amesikia. Daktari aliandika barua ya kumpeleka mtoto kwenye shule ya wasioona, baba akaikunja na kuitia mfukoni.

Tulikaa kwenye benchi la varanda kungoja mvua ipungue. Ilikuwa ya mawe, ile mvua yetu, yanaruka ruka kwenye nyasi. Baba alikaa mwisho wa benchi, viwiko juu ya magoti, na pale ndipo alipomwambia. Alisema yule mgeni hakuwahi kuwa kipofu. Alisema Waingereza huongea hivyo, mtu akikosa kutambua jambo husema alikuwa kipofu kwa jambo hilo. Yule mzee alimaanisha tu kwamba hakutambua mapema kwamba mkewe anaumwa, mpaka daktari akamwambia. Yeye, baba, aliyatafsiri maneno na kuiacha maana, na alipojua kosa lake Mama Atieno alikuwa tayari amesimama mbele yake na mtoto, na hakuweza kumwambia. Kwamba umpeleke mtoto, kwamba nikupeleke mimi, hayo mgeni hakuyasema. Aliyasema yeye mwenyewe.

Mama Atieno aliangalia mvua.

"Nilijua, Baba Cherono," alisema. "Nimeishi na asiyeona miaka kumi. Yule mzee alipokushika mkono hakuutafuta, na aliyekaa gizani mwaka mzima hubaki na tabia ya kupapasa hata akipona. Nilijua pale pale." Akamvuta Atieno karibu naye. "Hapa nimekuja mara tatu na mtoto. Nikija peke yangu naambiwa kaa pale, halafu naambiwa rudi mwezi ujao. Hakuna aliyewahi kunichorea jicho. Nilitaka mtu wa kuingia na mimi."

Nafikiri baba alikuwa karibu kusema kitu. Sitajua ni kitu gani, kwa sababu nilimtangulia. Nilisimama mbele yake na kumwambia alidanganya. Nilisema kwa sauti iliyofanya foleni nzima igeuke. Nilisema ulisimama kanisani ukadanganya, na mimi nikamwambia Atieno, na Atieno ameniamini. Nilirudia neno lile mara nyingi, kudanganya, kudanganya, kwa sababu ndilo neno kubwa kuliko yote niliyokuwa nayo. Baba hakunikemea. Alinitazama kama anayesikiliza mgeni mwenye lafudhi ngumu. Aliyeninyamazisha ni Atieno, aliyekuwa akipapasa hewani kutafuta mkono wangu.

"Basi ng'ombe wako watabaki wadogo," alisema, na akacheka, na kwa kuwa yeye alicheka mimi nililia.

Wakati huo nilidhani baba amemtendea Atieno ubaya. Leo ninapokumbuka varanda ile naona mwanamke aliyetumia kosa la mwenzake kupata alichokihitaji, na mwanamume aliyejifunga kwa ahadi aliyoiweka kinywani mwa mtu mwingine, kisha akaitimiza. Mtu wa tatu ni mtoto aliyesikia nusu ya mambo na kuhukumu yote. Huyo mtoto nimejaribu kumsamehe. Siku nyingine naweza.

Baba alifuatilia ile barua. Aliandika barua nyingine tatu kwa Kiingereza chake, akaenda ofisi moja hadi nyingine siku zake za mapumziko, na mwaka mpya ulipoanza Atieno alipata nafasi kwenye shule ya bweni, upande wa ziwani. Aliondoka na sanduku la bati lililopakwa rangi ya buluu, nami nilimwambia ni la buluu, akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mtoto mdogo. Jumapili iliyofuata niliketi peke yangu kwenye ngazi. Nilifumba macho nijaribu kuwajua watu kwa viatu. Nilimjua mchungaji tu, kwa sababu alikuwa akichechemea.

Mgeni mwingine wa Kiingereza alipokuja, mchungaji alimwita baba mbele kama kawaida. Baba alibaki kwenye benchi. Alisema kifua kinambana. Alisimama mwalimu mmoja kijana aliyetoka chuoni, na alitafsiri vizuri sana, sentensi zote zimenyooka, hakuna aliyechanganyikiwa. Nilimtazama baba kwa pembeni. Midomo yake ilikuwa inasogea. Kila mgeni aliposema kitu baba alikitafsiri kimya kimya, amevaa koti lake, na mvua ilipoanza na mahubiri yakasimama, midomo yake ilisogea kidogo zaidi, kana kwamba kuna neno amelikosa analitafuta. Hakusimama tena mbele ya kanisa lile maisha yake yote. Jioni alikwangua gambuti bila daftari. Ningeweza kumwendea na kumuuliza jicho pofu linaangalia wapi. Nilikuwa namkasirikia, halafu nikawa naona haya, na nilipomaliza kuona haya nilikuwa msichana mkubwa na baba alikuwa mtu asiyeongea sana.

Barua ya Atieno ilifika katikati ya mwaka, kupitia sanduku la posta la kanisa. Bahasha ilikuwa na jina la baba, limeandikwa kwa mkono wa mtu mzima wa shuleni kwao. Ndani mlikuwa na karatasi moja nene, ya rangi ya ngozi, isiyo na wino hata tone. Ilikuwa imejaa vinundu, mstari baada ya mstari, kama karatasi iliyotobolewa kwa sindano kutoka upande wa pili. Tuliiweka mezani tukaizunguka: baba, mama, kaka yangu na mimi. Sote tulikuwa na macho mazima, na hakuna aliyeweza kusoma.

"Baba, tafsiri," nilimwambia.

Niliposema hivyo nilitamani aseme chochote. Nilitamani aseme Atieno anatusalimu, kwamba chakula cha shule ni kizuri, kwamba amejifunza kucheza ngoma, kwamba ananikumbuka. Ningemwamini kila neno. Baba aliichukua karatasi, akaiweka gotini, akafumba macho na kupitisha vidole vyake vya karani juu ya mistari yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole.

"Hii siijui, Cherono," alisema.

Tukakubaliana kumngoja mwenyewe. Likizo ikifika angekuja, angetusomea, na tungecheka kwa jinsi tulivyohangaika. Karatasi ilikaa juu ya redio, na kila aliyepita aliigusa. Mama aliigusa akipanguza vumbi. Kaka aliwaonyesha rafiki zake, nao wakaigusa. Baba aliishika karibu kila jioni. Mimi nililala nayo mara nyingi, kidole kikienda na kurudi, nikiamini kwamba siku moja vinundu vingeongea tu. Lakini kabla ya likizo kampuni ilileta mashine za kuchuna, kambi moja ya ng'ambo ikafungwa, na Mama Atieno alirudi kwao pamoja na wengine wengi. Alipita nyumbani kuaga, akatukosa, sote tulikuwa shambani na kituoni. Aliacha ujumbe kwa jirani kwamba anatushukuru. Jirani hakukumbuka jina la mahali alikokwenda. Baba aliandika shuleni. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu: mtoto amehamishiwa shule nyingine, karibu na nyumbani kwao.

Nimemtafuta, kwa njia ambazo watu wa rika langu hutafutana siku hizi. Ma-Atieno ni wengi. Nimewaandikia kadhaa, wamenijibu kwa upole.

Mwezi uliopita niliipeleka karatasi kwa mwalimu mmoja asiyeona anayeishi mtaa wa pili kutoka kwangu. Aliitandaza kwenye meza yake, akaweka mikono yote miwili juu yake, na vidole vikaanza kutembea. Nilishangaa vilivyokuwa na haraka. Alisoma juu kabisa: kuna salamu, alisema, kuna jina la baba yako, na lako lipo. Kisha vidole vikapunguza mwendo, vikarudi, vikapita tena mahali pale pale. Chini kabisa alipata jina la Atieno, karibu lote. Katikati, alisema, vinundu vimelala. Akauliza imewekwa wapi miaka hii, kama ilikuwa chini ya kitu kizito.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia tuliishika sana.

Viganja vyake vilibaki juu ya karatasi. Kisha akasema kuna herufi moja moja zilizobaki huku na huku, na kwamba nikitaka anaweza kukisia mwandishi alikuwa anasema nini, maana watoto wa shule za bweni huandika yale yale. Nilimshukuru. Nilimwomba anisomee tena zile salamu na yale majina, na asikisie hayo mengine.